Jeraha Likauke Kwanza

Mtu aliyekulia kata ya Ulaya, au kokote kati ya Kilosa na Mikumi, hahitaji kufundishwa kwamba kipande cha mmea huweza kuwa mmea. Muhogo na muwa hupandwa kwa pingili, viazi vitamu kwa marando. Ujuzi huo ni mali, lakini ndio huohuo unaoiua mishubiri mingi ya barazani. Mwenye chungu hung'oa chipukizi la mshubiri, hulifukia siku ileile kwenye udongo uliolowa, kisha hulimwagilia asubuhi na jioni kama rando. Baada ya wiki mbili limeoza shingo, naye husema lilikosa maji. Hoja ya sura hii ni kwamba mimea ya mnofu, yaani ile yenye majani au mashina manene yanayohifadhi maji, ikikatwa huuawa na maji mara nyingi kuliko kiu. Siku chache za kukiacha kipande kikavu ndizo zinazokiokoa.

Linganisha na rando lenyewe. Majani yake ni mapana na membamba, yanapoteza maji mchana kutwa. Likikatwa halina mzizi wa kuyarudisha wala akiba ya kutegemea, hivyo lazima lipate unyevu upesi. Mshubiri, mkonge na dungusi vimejipanga kinyume. Hufunga vitundu vyao jua linapochoma, huvifungua usiku na kuvuta hewa ya kabonidayoksaidi, na kuihifadhi kama asidi hadi mwanga wa mchana uwezeshe kutengeneza sukari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, alitafuna majani ya mmea wa namna hii: alfajiri yalikuwa makali kama ndimu, adhuhuri ukali umekwisha. Ulimi wake ulitangulia maelezo kamili ya maabara kwa zaidi ya miaka mia. Mmea unaoishi hivyo, ukiwa na kibuyu cha maji ndani ya mnofu wake, hauna haraka ya kunywa.

Ulicho nacho ni jeraha. Mkato mbichi unatoa maji na sukari, na udongo wenye unyevu umejaa kuvu wanaotafuta hivyo viwili. Ukiachwa kivulini penye hewa, seli za juu hukauka na zilizo chini yake hujenga ngozi ngumu ya kuziba mlango. Wakati huohuo homoni iitwayo auksini huteremka kutoka kwenye ncha changa na kujikusanya karibu na mkato, na hiyo ndiyo inayoita mizizi. Kwa sababu hiyo kumbuka upande uliokuwa chini: pingili iliyopinduliwa haibadilishi kichwa kuwa mguu. Jani dogo linatosheka na siku 3 hadi 5, pingili ya manyara yenye unene wa kidole yapata wiki moja, shina nene la dungusi wiki 2 au zaidi. Kuliko kalenda, amini kidole chako. Mkato ulio tayari ni mkavu na mgumu. Udongo nao una neno. Ule mweusi wa mbuga, kama wa bonde la Mkata, hushika maji kwa siku nyingi, na kwa kipande kisicho na mizizi ni kaburi. Changanya sehemu mbili za mchanga mnene wa mtoni na moja ya udongo wa juu, kwenye kopo lililotobolewa chini, na usimwagilie siku za mwanzo.

Ushahidi mkubwa wa uvumilivu huu umesimama kwa safu ndefu Kimamba na Rudewa, katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa. Mkonge ulioanzisha mashamba ya Tanganyika uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, aliyeagiza vikonyo 1,000, ile miche midogo inayochipua kwenye mlingoti, kutoka Florida. Vilipita Hamburg, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Ni kweli kwamba kikonyo si pingili, na kwamba vilivyokufa ni vingi. Lakini marando yangefungwa safari ile ya bahari, bila udongo, lisingefika hata moja.

Mkulima ana haki ya kupinga: matawi ya manyara, ambayo wengine huiita minyaa, huchomekwa mvua zinapoanza, yakiwa mabichi, na uzio husimama. Husimama kweli. Utomvu wake mweupe huganda na kuziba jeraha haraka, na tawi la uzio huwa limekomaa kama mti. Tena nani huhesabu yaliyokufa? Pakibaki pengo huchomekwa lingine. Mwenye kipande kimoja hana nafasi hiyo, na kwake miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, ni salama kuliko masika. (Utomvu huo huunguza ngozi na kuumiza macho vibaya sana; kata watoto wakiwa mbali.) Wengine hupinga kwa huruma, kwamba kipande kinanywea. Kinywee. Kinatumia akiba yake kujenga mizizi, na maji ya nje hayana pa kuingilia kabla mizizi haijatoka. Cha kuogopwa ni ulaini na harufu.

Kukausha, hata hivyo, hakufanyi kila kipande kuwa mmea. Jani la mshubiri peke yake, hata likaushwe vizuri vipi, kwa kawaida huishia kuoza kwa sababu halibebi chipukizi. Mshubiri huzalishwa kwa watoto wanaoota pembeni. Ule mmea wa barazani wenye majani yaliyosimama kama panga, Sansevieria, huota hata kwa kipande cha jani, lakini aina yenye ukingo wa njano ikipandwa hivyo hutoa watoto wa kijani kitupu. Njano ile imo katika tabaka moja tu la seli, na chipukizi jipya huzaliwa kutoka tabaka jingine. Anayetaka ukingo ubaki itambidi achimbe, akate chipukizi pamoja na kipande cha shina lake la ardhini, na jeraha hilo nalo aliache likauke.