Ajali Ikitokea, Nani Humwambia Nani?

TUSEME, msomaji, lori la mafuta limepinduka usiku katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Utingo wa matatu iliyokuwa nyuma yake anapiga 999, na polisi wanapata habari. Je, wazima moto wamejua? Na hospitali itakayopokea majeruhi?

Hapo ndipo penye utata. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, polisi ni wa Serikali ya Kitaifa, ilhali zimamoto na ambulansi ni za kaunti. Barabara kuu nazo ziko chini ya KeNHA. Kila mmoja ana mkubwa wake. Habari ikipitishwa kwa simu kutoka ofisi moja hadi nyingine, dakika huyoyoma na majeruhi huendelea kuvuja damu.

Usidhani ni shida yetu peke yetu. Mjini New York, Septemba 11, 2001, baada ya jumba la kwanza kuporomoka, marubani wa helikopta za polisi waliona kwamba la pili nalo halingedumu, wakatoa onyo. Lakini wazima moto walitumia redio nyingine, na wengi hawakulisikia. Siku hiyo wazima moto 343 walifariki.

Hapa kwetu, bado twakumbuka Sachangwan. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea baada ya umati kukimbilia kuchota mafuta kwenye lori lililopinduka. Kabla moto haujalipuka, kila dakika ilikuwa na thamani.

Dawa si kununua magari mapya pekee. Habari yafaa iandikwe mara moja, na wote waione papo hapo: polisi wafunge barabara, dereva wa ambulansi achague njia isiyo na msongamano, daktari naye atayarishe damu mapema.

Nawe una sehemu yako. Ukipiga 999 au 112, taja mahali kwanza: barabara, soko au kituo kilicho karibu, na upande magari yalikokuwa yakielekea. Kisha sema majeruhi ni wangapi, na kama mafuta yanamwagika. Usikate simu kabla ya kuambiwa. Na watoto wako wafahamu nambari hizo kama wanavyolifahamu jina lao.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku mwakilishi wa wadi yenu atakapokuja kuomba kura, mwulize: zimamoto ya kaunti na polisi wa hapa husikizana?