Chungu Kimoja, Bia Nyingi

Mtu aingiapo kilabuni, Mombasa au Mwanza au Bujumbura, akaagiza bia, mhudumu humwuliza jina la chupa, kisha humwuliza kama aitaka baridi au ya moto, na baada ya hapo masuali yamekwisha. Rangi haiulizwi, kwa kuwa karibu zote ni za dhahabu. Uchungu hauulizwi, kwa kuwa zote zakaribiana. Seuze hamira iliyoichachua, ambayo mnywaji hajapata kuambiwa kwamba nayo ina nasaba na koo zake. Sababu ni kwamba Tusker na Safari na Kilimanjaro na Primus, pamoja na tofauti zao zote za nembo na za bei, ni ndugu wa tumbo moja: zote ni laga, na babu yao ni bia iliyopikwa mara ya kwanza katika mji wa Plzeň, nchi ya Bohemia, mwaka 1842. Si aibu kuipenda laga, kwani iliyopikwa vema ni kinywaji safi kisichoficha kosa la mpishi. Lakini aliyeonja laga peke yake akadhani ameijua bia ni kama aliyekula wali mweupe umri wake wote, asipate habari ya pilau wala biriani wala wali wa nazi.

Nataka kueleza habari za watu walioutambua upungufu huo wakauondoa kwa mikono yao wenyewe, jikoni mwao, kwa sufuria ya lita 25 na ndoo yenye kifuniko. Najua ya kuwa miongoni mwa wasomaji wapo wengi ambao dini yao imewaharamishia kileo, nami sina nia ya kumshawishi yeyote anywe. Sanaa hii naieleza kama ambavyo ningeeleza sanaa ya mhunzi au ya fundi wa majahazi, kwa kuwa ni hikima kongwe ya wanadamu na yastahili kujulikana.

Kazi yenyewe haitakuwa ngeni kwa yeyote aliyelelewa Marangu au Rombo akamwona nyanya yake akiandaa mbege, pombe ya Wachagga. Ulezi hurowekwa, ukafunikwa hata ukachipua, kisha ukaanikwa ukauke kabla chipukizi halijala akiba yote iliyomo ndani ya punje, na hicho ndicho kimea. Wazungu huifanyia shayiri mambo hayo hayo, ila wao huikausha kwa moto wa tanuri, na kwa kadiri ya moto huo kimea hutoka cheupe, au cha rangi ya asali, au cheusi kama buni iliyokaangwa. Mpika bia wa nyumbani hununua kimea kilichokwisha kutengenezwa, kilo nne na nusu au tano kwa lita 20 za bia, akakipasua punje punje pasipo kukisaga kuwa unga, maana makapi yake atayahitaji yawe chujio; kisha hukikoroga katika maji ya moto na kukiacha kwa muda wa saa moja.

Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyoikata wanga kuwa sukari, navyo ni vyepesi kudhurika na joto, kila kimoja kwa kiwango chake. Mchanganyiko ukikaa kwenye nyuzi 63 za Sentigredi, sukari itokayo ni ile ambayo hamira yaweza kuila karibu yote, na bia huwa kavu na nyepesi kinywani. Ukikaa kwenye nyuzi 69, hubaki sukari ambayo hamira haiiwezi, na bia huwa nzito yenye utamu wa chini kwa chini. Nyuzi sita tu, ambazo mkono uliotiwa majini hauwezi kuzipambanua, zatenga bia mbili zisizofanana, na kwa hiyo kipimajoto ndicho chombo cha kwanza ambacho mwanafunzi hushauriwa kununua.

Maji yale yakishachujwa na machicha kusuuzwa, hupatikana kinywaji kitamu kisicho kileo, ambacho sina neno bora la kukiita ila togwa. Togwa hiyo huchemshwa kwa saa nzima pamoja na hopu, maua ya kijani ya mmea utambaao unaolimwa katika nchi za baridi. Yanayotiwa mwanzo wa kuchemsha hutoa uchungu, na yanayotiwa mwisho hutoa harufu, kwa kuwa mafuta yake mazuri hupaa na mvuke yakikawia motoni. Kisha togwa hupozwa upesi hata nyuzi 20 hivi, ikatiwa hamira na kufunikwa katika chombo chenye upenyo wa kutoa gesi pasipo kuingiza hewa. Tangu hapo hadi bia itakapokunywika, kila kitu kitakachoigusa, kijiko au mpira au kidole, sharti kiwe kimesafishwa kwa dawa, kwani vijidudu vigeni vyaitamani sukari ile kama hamira iitamanivyo. Na wapishi wazoefu wakikuambia kwamba kuosha vyombo ni nusu ya kazi, hawatii chumvi.

Baada ya wiki moja au mbili mpishi hupima uzito wa maji kwa haidromita. Ikiwa togwa ilianza kwa 1.050 na sasa yasoma 1.012, na kesho yake yasoma hivyo hivyo, basi hamira imemaliza kula, na kileo kilichomo ni karibu asilimia 5. Ndipo hutia sukari kidogo, kiasi cha gramu sita kwa lita, akajaza chupa na kuzifunga ili gesi itakayotoka ibaki ndani iwe povu. Asiyesubiri kipimo kitulie akafunga chupa mapema ametengeneza mabomu, na chupa zake huenda zikapasuka usiku kabatini na kumwumiza mtu.

Hayo ni ya bia zote. Kinachozitenga hata moja ikawa nyeusi yenye ladha ya kahawa na nyingine nyeupe yenye harufu ya ndizi ni mambo manne tu, maji na kimea na hopu na hamira. Na aghalabu aina tunazozisifu leo hazikubuniwa na mtu aliyekaa akafikiri, bali zilizaliwa na ardhi ya mahali. Maji ya Burton upon Trent, katika Uingereza, yamejaa jasi, nayo jasi huunyoosha uchungu wa hopu ukawa mkavu na safi. Ndiyo maana eli zake nyeupe, yaani bia zisizo laga zichachukazo kwa joto zaidi, zilivuma. Maji ya Dublin yana chokaa, ambayo huiharibu bia nyeupe lakini hupatana na ukali wa nafaka iliyokaangwa, na mji huo ukawa makao ya stauti, bia nyeusi. Maji ya Plzeň karibu hayana madini kabisa, naye Josef Groll, mpishi aliyeletwa kutoka Bavaria, alipoyakutanisha na kimea cheupe na hopu laini za Bohemia, ikatoka bia ya dhahabu ambayo sehemu kubwa ya dunia imeiiga tangu siku hiyo. Leo mpishi wa nyumbani, akitaka kuonja Burton pasipo kusafiri, hutia jasi kiasi cha vijiko vya chai katika sufuria yake.

Katika aina zote mimi navutwa zaidi na pota, kwa sababu ya jina lake. Katika karne ya kumi na nane London ilikuwa na maelfu ya mahamali waliobeba mizigo bandarini na sokoni, nao walipenda bia nzito ya rangi ya kahawia iliyowarudishia nguvu. Bia ikachukua jina la kazi yao kwa Kiingereza, na ikawa biashara kubwa hata wenye viwanda wakashindana kujenga mapipa makubwa kama nyumba. Mwezi Oktoba 1814 pipa moja la kiwanda cha Meux lilipasuka, bia ikabomoa kuta na kufurika katika mtaa wa maskini wa St Giles, na watu wanane wakafa. Miaka mitatu baadaye Daniel Wheeler akapewa hataza ya chombo cha kukaangia kimea hata kiwe cheusi pasipo kuungua, na tangu hapo konzi chache za kimea hicho zikatosha kuigeuza bia ya dhahabu kuwa nyeusi. Pota iliyozidishwa nguvu iliitwa stauti, nayo ndiyo inayojulikana kwetu kwa jina la Guinness. Wengi hudhani kwamba bia nyeusi ndiyo kali. Rangi ni ya kimea, na Guinness ya bomba inywewayo Dublin ina kileo cha asilimia 4.2, kiasi kisichozidi kile cha laga nyingi.

Lakini ajabu kuu imo katika hamira. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoamuru bia ipikwe kwa shayiri, hopu na maji tu, haikuitaja kabisa. Hamira ilifanya kazi yake bila kueleweka vema mpaka uchunguzi wa Louis Pasteur, aliyechapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, na wa Emil Christian Hansen, ambaye mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuotesha ukoo safi kutokana na chembe moja peke yake. Hamira ya laga hupenda baridi ya nyuzi 10 hivi, na hutenda polepole kwa wiki nyingi. Ya eli hupenda nyuzi 18 hadi 22, na huipa bia harufu za matunda. Na ipo moja ya bia ya ngano ya Bavaria ambayo, pasipo mpishi kutia chochote zaidi ya ngano, shayiri na hopu chache, hutoa yenyewe harufu ya ndizi mbivu na ya karafuu, dhahiri kabisa, hata mtu wa Pemba akiinusa angeuliza ni shamba la nani. Karibu na Brussels hupikwa lambiki, ambayo haitiwi hamira ya mtu yeyote: togwa huachwa wazi usiku wa baridi, na vilivyomo hewani na katika mbao za mapipa huifanya kazi, sawasawa na tembo la mnazi linavyochachuka katika kibuyu cha mgema kabla hajashuka chini.

Utajiri huu wote ulikaribia kusahauliwa. Marekani ilipiga marufuku vileo tangu 1920 hadi 1933, na marufuku ilipofutwa, sheria iliruhusu divai ya nyumbani lakini bia ikaachwa nje, hivyo kwa miaka 45 apikaye bia jikoni kwake alikuwa mhalifu, huku makampuni yakimezana hata mwishoni mwa miaka ya 1970 hayakufika mia moja, na karibu yote yalipika laga moja nyepesi. Uingereza ilikuwa imemwondolea mpishi wa nyumbani leseni mwaka 1963. Marekani ilingoja hadi tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyohalalisha galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, pasipo ushuru, maadamu haziuzwi. Kuvukiza pombe kali hakukuruhusiwa, na tofauti hiyo yafaa ikumbukwe hata kwetu, ambako pombe ya kuchachuka na gongo huchanganywa katika midomo ya watu kana kwamba ni kitu kimoja.

Mwaka huo huo Charlie Papazian, aliyekuwa akiwafundisha watu kupika bia mjini Boulder, Colorado, alishiriki kuasisi chama cha wapishi wa nyumbani cha Marekani. Jack McAuliffe, baharia aliyeonja eli za Scotland akiwa kazini kisha akazikosa aliporudi kwao, alikwisha kufungua New Albion huko Sonoma mwaka 1976, kwa vyombo alivyoviunga mwenyewe. Kiwanda hicho hakikudumu, lakini kilionyesha njia. Ken Grossman, muuza vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico, alinunua vyombo vikuukuu vya maziwa, na mwaka 1980 akaanza kupika eli nyeupe kwa hopu iitwayo Cascade, iliyozalishwa Oregon na wataalamu wa serikali na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972, yenye harufu ya balungi ambayo wapishi wa Ulaya hawakuizoea. Viwanda vidogo vilivyofuata, Marekani na hata ng'ambo, vingi vilianzishwa na watu waliojifunza juu ya jiko la nyumbani.

Msomaji wa pwani ataniuliza, na swali lake ni la haki, hamira ya nyuzi 20 itamfaa nini mtu wa Tanga, ambako chumba chenye kivuli kina nyuzi 30. Jibu limetoka mahali ambapo hakuna ambaye angelitazamia. Katika mabonde ya Norwei ya magharibi, wakulima wameirithisha vizazi kwa vizazi hamira waiitayo kveik, ambayo huikausha juu ya pete za mti na kuitundika hata siku ya kupika, nayo hupenda kutiwa togwa ikiwa bado na joto la nyuzi 30 hadi 40, na humaliza kazi kwa siku chache. Wapishi wa nyumbani wa nchi nyingi sasa hupelekeana hamira hiyo kavu katika bahasha. Na mahali pa hopu, ambayo ni adimu kwetu, lipo gome la msesewe, ambalo Wachagga huitia mbege uchungu kwalo tangu zamani. Kimea cha ulezi, gome la msesewe na hamira ya Norwei katika chungu kimoja: sijapata kuionja bia hiyo, nami natamani mpishi wa Moshi mwenye kipimajoto aijaribu.