Jubilei ya ndoa ndani ya meli: Ya kupanga kabla ya kupanda

KWA miaka mingi jubilei ya ndoa mjini Sengerema imekuwa na sura moja: misa au ibada ya shukrani asubuhi, picha za pamoja adhuhuri, kisha ukumbini jioni, ambako keki hukatwa, zawadi hukabidhiwa kwa foleni na mshereheshaji hupaza sauti hadi usiku wa manane. Kesho yake wanandoa huamka wamechoka na kamati hukutana kuhesabu madeni.

Wapo watoto wanaofikiria njia nyingine, ya kuwachukua wazazi, wajukuu na ndugu wachache wa karibu na kusafiri nao majini. Ziwa liko mlangoni. Meli husafiri usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba, na barabara ya lami huirudisha familia nyumbani kwa upande wa pili. Wazo ni zuri na linawezekana kwa mtu wa kipato cha kawaida, ila linahitaji mipango ya aina tofauti na ile ya ukumbi.

Jambo la kwanza ni kuelewa aina ya chombo. Katika bahari za mbali kampuni kubwa huuza safari ya juma zima kwa bei moja yenye chumba, chakula na burudani. Meli kubwa zinazokatiza Ziwa Victoria upande wa Tanzania zilijengwa kwa ajili ya abiria na mizigo. Mv Victoria, kwa mfano, iliundwa vipande vipande Scotland, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirejea majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Mv Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, nayo ilijengwa kwa idadi hiyo ya abiria pamoja na mizigo na magari. Katika meli za namna hii wazazi wenu watasafiri pamoja na wafanyabiashara, wanafunzi na mikungu ya ndizi. Anayetarajia muziki na meza za vitambaa vyeupe atavunjika moyo, lakini anayetaka kukaa na wazazi wake juu ya sitaha huku taa za Mwanza zikififia nyuma atapata alichokifuata.

Msishtukize wazazi

Watoto wengi hupenda jubilei iwe ya kushtukiza. Kwa safari hii, hilo ni kosa.

Asubuhi ya Mei 21, 1996 mv Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Wanandoa waliofunga ndoa mwaka huo wanatimiza miaka 30 mwaka 2026, na katika familia nyingi za Kanda ya Ziwa picha za harusi za mwaka ule huhifadhiwa pamoja na kumbukumbu za msiba. Yuko mama ambaye mdogo wake alikuwa ndani ya meli ile, na yuko baba aliyekwenda Igoma kuzika asiyemtambua. Mtu wa namna hiyo hafungwi kitambaa machoni na kupelekwa bandarini.

Aulizwe kwanza, tena faraghani, na akisema hapana, jibu lake liheshimiwe bila kumchekesha wala kumwita mwoga. Si ajabu pia mzee kukubali kupanda yeye na mwenzake, lakini akakataa ukoo mzima uingie chombo kimoja. Hoja yake haina ushirikina wowote. Familia inaweza kugawanyika, baadhi wakaenda kwa meli na wengine wakatangulia Bukoba kwa basi, kisha wakakutana wote gatini alfajiri. Huenda mapokezi hayo yakawa sehemu bora ya sherehe.

Jina la kila mtu

Funzo kubwa la mwaka 1996 kwa mpangaji wa safari liko katika tiketi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili wa mv Bukoba walikuwa na orodha, ila wa daraja la tatu hawakuwa nayo, na ndiyo sababu idadi kamili ya waliokuwamo imebaki na utata hadi leo. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha mv Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini watu zaidi ya 220 walikufa.

Hivyo basi, yeyote anayekatia familia tiketi ahakikishe kila mtu, hata mtoto mchanga anayebebwa mgongoni, ameandikwa kwa jina lake sahihi na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani. Tiketi zikatwe katika ofisi ya Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO), ambayo awali ilijulikana kama MSCL, na si kwa kijana anayezungukazunguka bandarini. Swali la kwanza la kuuliza ni meli ipi inasafiri wiki hiyo, kwa kuwa meli huingia chelezoni kwa matengenezo, na ratiba ya mwezi uliopita haimsaidii mtu. Vyumba vya kulala ni vichache kuliko viti, kwa hiyo wanandoa wawekewe chumba mapema hata kama vijana watakaa.

Mkishaingia ndani, mjue majaketi okozi yanahifadhiwa wapi kabla meli haijang'oa nanga, na kila mtoto avalishwe moja kwa majaribio. Watoto watacheka na wajomba watanung'unika, lakini kazi hiyo haizidi dakika kumi. Aidha, mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni. Nauli ya watu 12 inauma, lakini haistahili kuwa sababu ya kubaki humo. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na malalamiko ya abiria hupelekwa huko.

Kukodi mtumbwi wa injini ili kupunguza gharama ni jambo la kukataa moja kwa moja. Upepo wa ziwa hugeuka ghafla, na dhoruba nyingi za radi hujikusanya juu ya maji usiku, wakati nchi kavu inapopoa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa Ziwa Victoria usikilizwe siku moja kabla ya safari na tena asubuhi ya kuondoka.

Njia ya mzunguko

Sengerema ina bahati ya kijiografia katika safari hii. Zamani kufika Mwanza kulimaanisha kusubiri kivuko Busisi, wakati mwingine kwa saa mbili. Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la John Pombe Magufuli lenye urefu wa kilomita tatu, gari huvuka kwa dakika chache. Familia inaweza kuondoka Sengerema asubuhi, ikapitisha mchana katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyo umbali mfupi kwa boti kutoka jijini, na jioni ikawa bandarini. Saanane ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, hivyo hata bibi mwenye goti bovu ataona pimbi na swala bila kutembea mwendo mrefu.

Usiku ni wa meli, na alfajiri ni Kemondo kisha Bukoba. Siku moja au mbili za mapumziko zinatosha kupumua, kula ndizi zilizopikwa na wenyewe na kutembea ufukweni mkabala na Kisiwa cha Musira. Halafu inakuja faida ambayo wakazi wa jijini Mwanza hawana: barabara ya kurudi, kupitia Muleba, Chato na Geita, inapita Sengerema penyewe. Hakuna haja ya kurudi bandarini. Basi dogo la kukodi linaweza kuwashusha mlangoni.

Wenye nafasi zaidi wakatize safari Chato na kuvuka kwa boti ya hifadhi kutoka Kasenda hadi Kisiwa cha Rubondo. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1977, ina ukubwa wa kilomita za mraba 457 kati ya nchi kavu na maji. Sokwe wake walipandikizwa kati ya mwaka 1966 na 1969, wakazoea msitu na kuzaliana. Nzohe, swala wa majini, ni wenyeji wa asili. Viingilio vya Watanzania hulipwa kwa shilingi na ni nafuu mno kuliko vya wageni, na watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Vitambulisho vya taifa visisahaulike nyumbani.

Familia yenye siku mbili tu itafute meli ya Nansio, Ukerewe. Kisiwa hicho kina sifa inayofaa jubilei kuliko pengine popote: ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu mume na mke ambao ndoa yao ilijaribiwa kwa kukosa mtoto. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mjukuu anayejua kusoma kwa sauti apewe kazi hiyo njiani.

Maji, dawa na fedha

Kuoga ziwani ndiko kunakowaponza wasafiri. Kichocho kimeenea katika mwambao wa Mwanza. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa kwenye maji ya pembezoni yenye majani. Watoto wazuiwe, na aliyekwishaingia apimwe hospitali wiki kadhaa baada ya safari. Wazee wabebe dawa zao za shinikizo la damu mkononi, si katika begi la mizigo, na dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda.

Kuhusu wakati, Desemba watoto wako likizo, lakini meli na mabasi ya Bukoba hujaa watu wanaokwenda kwao kwa sikukuu. Juni na mwanzoni mwa Julai shule zimefungwa na mvua imekatika, ingawa upepo wa kusini huwa mkali. Machi hadi Mei ni masika. Tarehe halisi ya ndoa isitawale mpango, kwa kuwa meli haisafiri kila siku kwa ajili ya mtu mmoja.

Fedha ndiyo penye mtego ambao wengi hawauoni. Kadi za michango zina deni ndani yake: anayechangia hutarajia kualikwa, na huwezi kukusanya fedha za watu 150 kisha ukasafiri na 12. Safari hii igharimiwe na watoto wenyewe, kwa kuweka kiasi fulani kila mwezi kwa mwaka mzima, na mmoja wao atunze hesabu kwa maandishi. Kiasi cha siku moja ya ziada kitengwe kwa ajili ya meli kuahirishwa.

Majirani na wazee wa ukoo walioachwa wana haki yao pia. Jumapili inayofuata wapikiwe sato na ugali uani, chini ya mwembe, na wanandoa wawasimulie walichokiona. Hapo pia ndipo itakapojulikana kama mama alilala usiku ule wa meli, au alikaa macho akihesabu watoto wake hadi Kemondo.