Picha ikikatika, si kila mara kosa ni la dekoda

Juu ya mapaa ya Lubumbashi na Kalemie, madishi ya televisheni yamejaa. Picha inapokatika, wakaaji wengi hulaumu dekoda, ama humwita fundi ageuze sahani. Lakini sahani ni bati lililopindwa tu: linakusanya mawimbi na kuyaelekeza mahali pamoja. Kazi yenyewe inafanyika mbele yake, ndani ya kile kichwa kidogo kinachoshikwa na mkono wa chuma.

Setelaiti zinazopokewa na madishi hayo madogo hushusha mawimbi ya kati ya gigahezi 10,7 na 12,75. Yakiingizwa hivyo hivyo kwenye waya, yangefifia kabla ya kufika sebuleni. Kwa hiyo kichwa kinayapokea kwa antena fupi kama msumari, kinayakuza, kisha kinayachanganya na wimbi lingine kinalolitengeneza chenyewe. Tofauti ya hayo mawili ndiyo inayoteremka: gigahezi 11 ukitoa 9,75 inabaki 1,25, na waya wa kawaida unaibeba kwa makumi ya mita.

Basi kwa nini antena yenyewe isifanye kazi ya kuchanganya? Mwaka 1983, Tatsuo Itoh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walieleza antena ya mwanya wa duara iliyofungwa daiodi mbili. Mawimbi mawili yanaingia, tofauti yao inatoka palepale. Kifaa kinakuwa kidogo, viungo vinapungua. Ila daiodi huivuruga antena, na wimbi la kuchanganyia linaweza kuvuja nje kupitia mlango uleule. Tena hakuna cha kukuza mawimbi kabla hayajachanganywa, kwa hiyo yaliyo dhaifu humezwa na kelele.

Vichwa vya nyumbani havikufuata njia hiyo. Darubini ya angani Herschel, iliyorushwa mwaka 2009, iliifuata kwa kukosa nyingine: kwa mawimbi yake ya juu kabisa, kupita gigahezi 1400, hapakuwa na kikuzaji cha kufaa. Kichanganyi kiliwekwa katikati ya antena ndogo kuliko punje ya chumvi, kikapozwa kwa heliamu.

Huku kwetu adui ni maji ya mvua, yanayopenya pale waya unapoingia kichwani. Kabla ya mtu kununua dekoda mpya, fundi afungue kwanza kiungo hicho, aangalie kama shaba imeota kutu ya kijani.