Kutengeneza gemu peke yako: Mlima ni rahisi, kumaliza ndiko kazi

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

ANAYEUTAZAMA Mlima Lupanga kutoka mjini Morogoro, wakati ukungu wa asubuhi unapoanza kuinuka, huenda asijue kwamba mlima huo tayari umo ndani ya kompyuta, na kwamba yeyote anaweza kuuchukua bure.

Februari 2000, chombo cha anga za juu cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko ya nchi kavu kwa rada. Takwimu zake, milima ya Uluguru ikiwamo, zinapatikana bila malipo katika intaneti, kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi.

Kwa kijana wa Kihonda au Mazimbu anayetaka kutengeneza mchezo wa kompyuta, maarufu kama gemu, kwa kujifurahisha baada ya kazi, huo ni mwanzo mzuri. Hata hivyo, ni mwanzo tu.

Kompyuta huzisoma takwimu hizo kama picha ya rangi ya kijivu: bondeni huwa peusi na kileleni huwa peupe. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Lupanga unapita mita 2,100. Tofauti ni mita zipatazo 1,600.

Picha ya kawaida ya biti 8 ina viwango 256 tu vya kijivu, hivyo kila kiwango hubeba zaidi ya mita sita. Matokeo yake ni mlima wenye vidato kama ngazi za ghorofa. Dawa yake ni picha ya biti 16, yenye viwango 65,536, ambapo kila kiwango hakifiki sentimita tatu.

Programu za kazi hiyo nazo ni za bure. Blender hutumika kuchonga maumbo, na Godot, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, huunganisha picha, sauti na kanuni za mchezo.

Kama vifaa ni bure, kwa nini kazi nyingi za namna hii huishia njiani?

Sababu ni kwamba mlima peke yake si mchezo. Mchezaji anahitaji lengo, kikwazo na hamu ya kujaribu tena akishindwa. Kuna pia muziki, maandishi, namna ya kuhifadhi alipofikia, na kuhakikisha yote yanakwenda katika simu ya bei nafuu. Fani hizo zote humwangukia mtu mmoja, ambaye aliona mlima wake ukisimama mapema akadhani amefika nusu ya safari.

Eric Barone wa Marekani alitumia zaidi ya miaka minne akitengeneza peke yake Stardew Valley, mchezo unaohusu kilimo, uliotoka mwaka 2016. Umeuza zaidi ya nakala milioni 40, lakini mafanikio ya kiwango hicho ni ya wachache mno.

Katika Afrika Mashariki, Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Miaka miwili baadaye alianzisha kampuni ya Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana.

Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alianza na kompyuta mpakato ambayo mama yake aliiwekea akiba kwa miaka mitatu. Mchezo wake, Salaam, unahusu kukimbia vita, na ulianza kusambaa kambini kwa kupitishwa kutoka simu hadi simu. Mwaka 2018 alitunukiwa katika tuzo za kimataifa za michezo ya kompyuta nchini Marekani.

Jambo moja linajitokeza kwa Mayen: hakusubiri mchezo ukamilike kabla ya kuutoa mikononi mwake. Hata duka la programu la Google, linalotoza dola 25 mara moja tu kwa usajili, huzitaka akaunti mpya za watu binafsi kuwa na wajaribuji wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kutoa programu kwa umma.

Ni sharti linalowakera wengi, lakini lina faida. Watu 12 watabaini katika wiki mbili yale ambayo mtengenezaji, aliyeuzoea mchezo wake, hawezi tena kuyaona.

Kwa hiyo, anayetaka kuiingiza Uluguru nzima katika kompyuta angefanya vema kuchagua njia moja, mathalani ile ya kutoka mjini hadi Morningside, kwenye nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani. Aimalize, awape majirani waicheze, asikilize malalamiko yao. Kilele cha Lupanga hakitahama.