Nusu Saa Baada ya Ngurumo: Radi na Watoto Wachezao Viwanjani Goma

Mwaka 2016 jopo la wataalamu lililoongozwa na Bi. Rachel Albrecht wa Brazili, baada ya kuhesabu mimweko ya radi iliyonaswa kwa muda wa miaka 16 na chombo kilichochukuliwa na setilaiti iitwayo TRMM, lilitoa orodha ya mahali ambapo radi humweka mara nyingi zaidi ulimwenguni. Nafasi ya kwanza ilishikwa na ziwa Maracaibo la Venezuela, ya pili na Kabare katika Kivu ya Kusini, na ya tano na Sake, mji mdogo ulioko yapata kilomita 25 magharibi ya Goma, ambako anga huwaka radi takriban mara 143 kwa mwaka juu ya kila kilomita moja ya mraba. Butembo, uliomo, kama Goma, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, ulikuja wa tisa. Na kati ya mahali 500 palipoorodheshwa, 283 ni katika bara la Afrika. Insafu yataka tuongeze kwamba setilaiti huona kila mmweko, hata ule uzaliwao na kufia ndani ya wingu, na kwamba ni sehemu tu ya mimweko hiyo ifikayo ardhini. Walakini, hata tukiipunguza hesabu kadiri tutakavyo, yabaki dhahiri kwamba mtoto apigaye mpira katika mitaa ya Goma, kama Ndosho, Katindo au Majengo, anacheza chini ya mojawapo ya mbingu kali kupita zote zilizowahi kupimwa.

Sababu za ukali huo haziko mbali na macho ya mkazi wa Goma, kwani yeye huziona kila siku bila ya kuzihesabu kuwa sababu. Upande wa magharibi umelala msitu wa Kongo, utoao mvuke mchana kutwa. Upande wa kaskazini na mashariki imesimama milima ya Virunga, Nyiragongo wenye mita 3,470 na Karisimbi wenye mita 4,507. Na chini yake limetanda ziwa Kivu, ambalo hewa yake haipati joto kwa kasi ile ipatayo nchi kavu. Jua likiisha kuupasha moto mteremko wa mlima, hewa yenye mvuke hupanda, hupoa, huwa wingu, na wingu likipita kimo cha yapata mita 5,000, matone yake huanza kuganda. Ndipo chembe za barafu zilizo nyepesi zinapogongana na zile nzito, zikaachiana chaji, nyepesi zikapaa na chaji chanya, nzito zikasalia katikati na chaji hasi, mpaka hewa iliyo baina yao, au baina yao na ardhi, isiweze tena kuvumilia. Cheche inayopita hapo huipasha hewa joto la kiasi cha nyuzi 30,000, ambalo ni zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua, na hewa hiyo, ikitanuka kwa ghafula, ndiyo itupayo ngurumo.

Kazi hiyo yote aghalabu hukamilika alasiri, yaani katika saa zilezile ambazo shule zimefungwa, jua limepungua, na watoto wametoka kwenda kiwanjani. Viwanja vya Goma, tukiuacha Stade de l'Unité na vichache vingine, ni vipande vya ardhi vilivyosawazishwa juu ya mawe meusi ya mlima, mengine yakiwa ni ya mtiririko wa lava ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, ulioukata mji katikati hata ukaingia ziwani. Watoto wamecheza juu ya mawe hayo kabla ya mlipuko wa Mei 2021 na baada yake, kabla ya vita na katikati ya vita, na mtu yeyote aliyewatazama hawezi kusema kwamba mchezo kwao ni upuuzi. Kwa sababu hiyo hasa, yaani kwa kuwa mchezo wao ni jambo adhimu, naona kwamba wanastahili kupewa kanuni ambayo watoto wa nchi nyingine wamekwisha kupewa.

Kanuni hiyo nimeikuta imeandikwa waziwazi zaidi katika mchezo ambao Goma haujulikani sana, nao ni besiboli. Ligi ya watoto iitwayo Little League, iliyoasisiwa mwaka 1939 mjini Williamsport, Pennsylvania, na Carl Stotz, imejifunza kwa miaka mingi kutunga sheria zake kwa vipimo kuliko kwa mazoea. Tangu mwaka 2007, mathalani, mrushaji wa umri wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha mpira zaidi ya mara 85 kwa siku moja, kwa kuwa mifupa ya kiwiko chake ingali inakua, na mwenye kuhesabu hamwulizi mtoto kama amechoka, wala hamwulizi kocha kama mechi ni muhimu. Mchezo huo si wa Wamarekani peke yao: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika fainali za dunia za ligi hiyo, nao walirudi nyumbani wakiwa wameifunga timu ya jimbo la Oregon.

Sasa ligi za besiboli za watoto huko Marekani, pamoja na shule na vyuo, aghalabu hufuata taratibu moja kuhusu radi: ngurumo ikisikika, kiwanja huachwa, na hakiingiliwi tena mpaka nusu saa kamili iwe imepita tangu ngurumo ya mwisho, ambapo kila ngurumo mpya huianzisha hesabu upya. Hapo awali, mwishoni mwa miaka ya 1990, taratibu hiyo ilikuwa na sehemu mbili, kwani mtu alitakiwa ahesabu sekunde baina ya mmweko na mngurumo, na akimbie zikiwa 30 au pungufu. Baadaye hesabu ya kwanza iliachwa, na kuisikia ngurumo kukawa ndiyo ishara ya kutosha.

Hesabu yenyewe, hata hivyo, inafaa ijulikane. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 3 ni kilomita moja hivi, na sekunde 30 ni kilomita 10. Nayo kilomita 10 ndiyo masafa ambayo radi yaweza kuruka kando kutoka katika wingu lake na kupiga mahali ambapo hapajadondoka tone la mvua. Ngurumo yenyewe haisikiki mbali sana kupita kilomita 15. Hivyo mtu anayeisikia, hata kwa uhafifu, na hata kama juu ya kichwa chake mbingu ni samawati, yuko ndani ya shabaha. Ama nusu saa ya kungoja, maana yake ni kwamba wingu liendalo kilomita 40 kwa saa litakuwa limesogea kilomita 20, na mkia wake, ambao hubaki na chaji baada ya mvua kubwa kukatika, utakuwa umepita. Wengi hupigwa katika mkia huo, wakati watu wanapotoka chini ya mapaa na kusema kwamba imekwisha.

Kandanda, mchezo wa Goma, una Kanuni yake ya 5, inayompa mwamuzi mamlaka ya kuisimamisha mechi kwa sababu ya jambo la nje. Mamlaka hayo ni makubwa lakini hayana saa. Mwamuzi wa mechi ya watoto, ambaye mara nyingi ni kijana mwenyewe, atawezaje kusimamisha fainali ya mtaa, dakika ya 80, mbele ya watazamaji mia kadhaa, kwa ajili ya mngurumo ulio upande wa Sake? Kila aliyepo anataka mechi iishe: wachezaji, makocha, wazazi, na yeye mwenyewe. Busara ya mtu mmoja haiwezi kushindana na matamanio ya wote, na ndiyo maana uamuzi huo sharti uwe umekwisha kufanywa siku nyingi kabla, kwa kalamu, na watu waliokaa kitako.

Yatupasa tuseme jinsi radi inavyoua, kwani hapo ndipo penye itikadi nyingi. Wataalamu wanakadiria kwamba katika watu 100 wanaodhuriwa, wasiozidi watano ndio wanaopigwa moja kwa moja. Theluthi moja hivi hurukiwa na umeme kutoka katika mti au nguzo iliyo karibu, na karibu nusu yao hupatwa na umeme unaotambaa ardhini. Katika udongo wenye maji umeme huzama na kupungua upesi, ilhali juu ya jiwe la volkeno, ambalo halipitishi umeme kwa wepesi, hutapakaa usoni kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na tofauti ya volti baina ya hatua moja na nyingine huwa kubwa. Aliyetanua miguu hupokea umeme kwa mguu mmoja na kuutoa kwa mwingine. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na ambaye moyo wake umo njiani, hufa hata pale mchungaji wake anaponusurika. Mchezaji anayekimbia ametanua miguu, tena yuko uwandani ambako hakuna kirefu kumpita yeye.

Umeme wa ardhini hauenei sawasawa pande zote. Hufuata nyufa, unyevu na mizizi, na huweza kuangusha kundi moja na kuliacha jingine lililo hatua chache tu. Mwezi wa Oktoba 1998, gazeti la Kinshasa liitwalo L'Avenir liliandika kwamba katika mechi moja huko Kasai, timu mbili zikiwa sare bao 1 kwa 1, radi iliwaua wachezaji 11 wa upande mmoja na kuwaunguza watu wengine 30, na wenyeji hawakupata hata mkwaruzo. Watu wakasema ni uchawi. Simdharau aliyesema hivyo, kwa kuwa msiba uchaguao namna ile hudai maelezo, na maelezo ya nyufa na volti hayakuwa yamemfikia. Tena kanuni ya nusu saa ina fadhila hii, kwamba haimlazimishi mtu kubadili itikadi yake: anayeamini kwamba radi hutumwa na anayeamini kwamba huzaliwa na barafu wote wawili wanaweza kutoka kiwanjani kwa ngurumo moja.

Kutoka, lakini, kwenda wapi? Hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi, wala sheria zilizotungwa ng'ambo hazitatui. Mwezi wa Agosti 2020, karibu na Arua, Uganda, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda kwa ajili ya mvua, na humo radi ikawaua. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, waliuawa wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao, nao walikuwa darasani. Nyumba humkinga mtu na radi si kwa paa lake bali kwa nyaya na mabomba yaliyomo kutani, yanayoupokea umeme na kuuteremsha ardhini. Nyumba ya mbao na mabati, ambayo ndiyo nyumba ya watu wengi wa Goma, humzuilia mtu maji tu. Gari lililofungwa, lenye bodi na paa la chuma, ni kinga ya kweli, na si kwa ajili ya mipira ya magurudumu kama isemwavyo, ila kwa kuwa chuma huupitisha umeme nje ya abiria. Pikipiki na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hazina kinga hiyo. Shirika la ACLENet, lenye makao yake Uganda, limekuwa likiweka vipitisha radi katika shule, ikiwamo Runyanya yenyewe, na kazi hiyo ni ya shaba, chuma na mafundi, wala haimo nje ya uwezo wa Goma. Shule moja iliyo jirani na kiwanja, ikiwekewa kinga, huwakinga wanafunzi asubuhi na wachezaji jioni.

Na ikiwa mtu amekwisha kupigwa, aguswe bila hofu, kwa maana mwili wake hauna umeme uliobaki. Radi huusimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Moyo mara nyingi hujirudia wenyewe, ila pumzi huchelewa, na moyo ukikosa hewa husimama mara ya pili. Kwa hiyo wakiwa wameanguka wengi, wanaolia na kugaagaa waachwe kwanza, kwa kuwa wako hai, na msaada uanze kwa yule aliyelala kimya kama maiti: kifua kibonyezwe mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha apuliziwe pumzi mbili, na irudiwe hivyo bila kukata. Kila kocha wa watoto angeweza kuyajua hayo kwa alasiri moja ya mafunzo.

Ligi ya Kandanda ya Kivu ya Kaskazini, LIFNOKI, na wote waandaao mashindano ya mitaa, wakiamua kuiandika kanuni hii, wasisahau mambo mawili yaliyo madogo kwa sura. Mechi za msimu wa mvua zianze asubuhi, kabla ya mawingu kujengeka juu ya mlima. Na mechi iliyokatizwa iendelezwe baadaye kutoka dakika ileile na kwa mabao yaleyale, la sivyo kocha anayefungwa ataisikia ngurumo upesi kuliko kocha anayeongoza. Na saa ya kuihesabu nusu saa ishikwe na mtu asiyekuwa na timu.