Tarti ya maracuja kwenye mbabula: mayai hayataki haraka

Nilipoweka picha ya tarti yangu hapa wiki iliyopita, wengi waliniuliza mambo mawili: inapikwa namna gani bila oveni, na je, kuna pesa ndani? Nitajibu yote mawili. Nitawaambia pia kile ambacho picha haikuonyesha: kabla ya tarti ile, krimu mbili nzima zilienda kwa kuku.

Nilisoma kemia hapa Bukavu, pale ISP: miaka 3 ya graduat, miaka 2 ya licence. Sasa nafundisha, na mshahara unakuja siku wazazi wakilipa. Rafiki yangu akaniomba keki ya collation ya mdogo wake. Mimi kwa kujitapa nikamwambia keki kila mtu anafanya, nitakuletea tarti ya maracuja. Nilikuwa sijawahi kuipika hata siku moja. Akanipa dola 10 za kununulia vitu.

Kwanza tuelewane tarti yenyewe ni nini. Chini kuna ganda la unga wa ngano, kama biskuti. Ndani kuna krimu ya juisi ya matunda, sukari, mayai na siagi. Hakuna gelatini. Kinachoishikisha krimu ile ni yai. Protini za yai ni kama nyuzi zilizokunjwa. Zikipata moto zinakunjuka, zinashikana, na kufunga maji katikati yao. Hapo krimu inakuwa nzito na laini. Ukizidisha moto, nyuzi zinabanana mno na kuyasukuma maji nje. Unabaki na mabonge.

Hayo yote niliyaandika kwenye mtihani na nikapata pointi nzuri. Kumbe mtihani na mbabula ni vitu viwili! Mara ya kwanza niliweka sufuria moja kwa moja juu ya makala, nikageuka kutafuta kijiko. Kurudi, mdogo wangu anachungulia: «Yaya, hii ni krimu ao ni omleti?»

Mara ya pili niliweka maji chini, nikapika polepole, ikashikana vizuri. Lakini rangi ikawa ya kijivu na ladha kama umelamba sarafu. Hapo nilijikasirikia kweli, maana kosa lilikuwa la kemia tupu. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na juisi ya maracuja ni kali. Asidi inaila aluminiamu, na chuma kile kinaingia ndani ya chakula. Tumia bakuli la kioo linalovumilia moto, la enameli isiyobanduka, au la chuma kisichoshika kutu. Mwiko uwe wa mti.

Dola zilikuwa zimeisha. Mayai 5 ya mara ya tatu nilimwomba mama, katika yale anayouza. Akanihesabia moja moja, akasema: «Mtoto wangu, haya ni ya deni. Si ya kuchezea.» Nawaambia, sikuwahi kukoroga kitu kwa uangalifu vile.

Sasa fuateni hatua.

Ganda. Chukua unga wa ngano gramu 250, siagi au margarini ya baridi gramu 125, sukari vijiko 2 vya chakula, chumvi kidogo. Sugua kwa ncha za vidole mpaka ufanane na mchanga. Ongeza maji baridi vijiko 3 au 4, kusanya donge, usilikande kama mkate. Ukikanda sana, ganda litakuwa gumu na litajikunja motoni. Lifunike, lipumzike nusu saa. Kisha litandaze kwenye chombo cha sentimita 24 hivi, toboa chini kwa uma, tandika karatasi ya kuokea na umwage maharagwe makavu juu yake ili lisivimbe. Maharagwe hayo hayataiva tena vizuri. Yaweke kwenye kopo kwa kazi hiyo hiyo.

Oveni ya mbabula. Chukua sufuria kubwa nzito, mimina mchanga mkavu wa vidole viwili, funika, ipashe moto dakika 15. Weka mawe 3 madogo juu ya mchanga, kisha chombo chako juu ya mawe. Funika kwa mfuniko wa bati na uweke makala ya moto juu yake. Siri ni hii: makala mengi juu, machache chini. Watu wengi wanafanya kinyume, chini kunaungua na juu kunabaki kweupe. Baada ya dakika 20 toa maharagwe na karatasi, rudisha mpaka ganda liwe na rangi ya dhahabu. Liache lipoe.

Krimu. Unahitaji juisi ya maracuja mililita 150, sukari gramu 150, mayai mazima 3, viini 2, siagi gramu 100, na kijiko 1 cha juisi ya limau. Kwangu ilihitaji maracuja 12. Mama mmoja wa soko la Kadutu alinifundisha kuchagua: «Chukua yale yamekunjamana, mtoto wangu. Yale ya kung'aa bado.» Ni kweli, ganda likikunjamana tunda limeiva. Chuja mbegu kwa kichujio, ukisukuma kwa kijiko. Usizisage, zitatia vipande vyeusi.

Koroga mayai na sukari, ongeza juisi, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Maji yasiguse bakuli, mvuke unatosha. Hapa Bukavu tuko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama vitabuni. Usidanganyike kwamba hiyo inakulinda. Krimu inataka nyuzi 75 mpaka 80 tu. Koroga bila kuacha, ukipitisha mwiko chini na pembeni, dakika 10 mpaka 15. Huna kipimajoto? Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Alama ikibaki bila kufungika, toa haraka. Ichuje, subiri dakika chache, kisha ingiza siagi vipande vipande ukikoroga. Itaonekana nyepesi, usiogope: ikipoa, siagi itaganda na krimu itashika. Mimina ndani ya ganda, iache saa 2 mahali pa baridi.

Ukitaka nanasi, kwa mfano yale ya Idjwi, chemsha juisi yake peke yake kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, kile kinachowasha ulimi, na moto unakiua. Ongeza limau zaidi, maana nanasi ni tamu kuliko maracuja.

Jambo moja la heshima kwa mteja: hii ni krimu ya mayai. Kama huna friji, au umeme wa kwenu unakuja na kuondoka, pika asubuhi, iliwe siku hiyo hiyo. Ya jana usiiuze.

Na pesa? Tarti ya collation ilisifiwa, nikapata oda nyingine, nikauza dola 12. Nilifurahi mpaka nilipokaa na karatasi. Vitu vya kupikia dola 7, makala dola 1, pikipiki ya kupeleka dola 1. Zilibaki 3, kwa saa 4 za kazi. Siku hizi nafanya tarti ndogo ndogo, sufuria mbili kwa wakati mmoja, nauza moja moja kwa walimu wenzangu. Ute wa mayai 2 unaobaki unakuwa omleti ya nyumbani. Hainitajirishi, lakini mwezi ambao wazazi wanachelewa kulipa, hatulali njaa. Mayai 5 ya mama nilirudisha 10.

Mjomba wangu aliniuliza, «Ulisoma miaka 5 ili uje kupuliza makala?» Nilimkatia kipande. Alikula, akanyamaza, akaomba cha pili.

Ukijaribu, tuletee picha. Hata ikiwa omleti.